Gesi Inayopaa Ndiyo Gesi Inayowaka: Somo Kuhusu Haidrojeni, Maputo na Wajibu wa Kamati za Sharika



Katika ukurasa wa somo wa robo hii tunajifunza kuhusu haidrojeni, gesi ambayo wengi wetu tuliisoma kidato cha pili kisha tukaisahau. Tumeichagua kwa sababu ya swali linalojitokeza sharika zinapojiandaa kwa jubilei, kipaimara au siku ya Shule ya Jumapili. Kamati ya mapambo inataka maputo yanayopaa. Gesi ya kununua ni ghali. Anatokea kijana mwenye nia njema na kusema: "Gesi hiyo tunaweza kuitengeneza wenyewe kwa kemikali za dukani, tena kwa bei ndogo." Je, kamati imjibu nini?

Jibu letu ni fupi: hapana. Lakini jibu la hapana lisilo na maelezo halidumu. Mwaka unaofuata kamati hubadilika na swali hurudi. Kwa hiyo tumeona ni vema kueleza sababu, ili kila mzee wa kanisa na kila mtunza hazina aweze kujibu kwa ufahamu.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, kamati iweze:

1. Kueleza kwa nini haidrojeni huinua puto na kwa nini huwaka.
2. Kueleza jinsi watu walivyoizalisha kutokana na kemikali, na gharama iliyolipwa.
3. Kutambua sehemu nyingine mbili katika miradi yetu ambamo gesi hii hutokea bila kualikwa.
4. Kuamua mambo ya kufanya katika usharika wake.

1. KWA NINI HAIDROJENI HUINUA PUTO

Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Haina rangi wala harufu. Mita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida ina uzito wa kama kilo 1.2. Ujazo huo huo wa haidrojeni hauzidi gramu 90. Tofauti hiyo ndiyo inayoinua puto, kama vile chupa tupu iliyofungwa inavyoelea juu ya maji. Kwa hesabu ya haraka, mita moja ya ujazo ya haidrojeni huinua mzigo wa kama kilo 1.1.

Gesi ya pili kwa wepesi ni heliamu. Mita moja ya ujazo ya heliamu ina uzito wa kama gramu 170, na huinua kama kilo moja. Tofauti ya nguvu ya kuinua kati ya gesi hizi mbili ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwingine: heliamu haiwaki kabisa, bali haidrojeni huwaka kwa urahisi wa kutisha.

Tuangalie tarakimu tatu. Kwanza, gesi ya kupikia tunayotumia majumbani huwaka pale tu inapochanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 2 na 10 hivi. Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Maana yake ni kwamba karibu mchanganyiko wowote unaweza kushika moto. Pili, cheche inayoweza kuiwasha haidrojeni ni ndogo karibu mara kumi kuliko ile inayohitajika kwa gesi ya kupikia. Umeme mdogo unaotokea mtu anapovua sweta ya nailoni unatosha. Tatu, mwali wake hauonekani vizuri mchana. Mtu anaweza kuusogelea bila kujua kwamba mbele yake kuna moto.

Tena gesi ya kupikia huongezewa harufu kali kwa makusudi, ili mama akiwa jikoni atambue inapovuja. Haidrojeni iliyotengenezwa kwenye ndoo au mtungi haina mlinzi huyo.

2. JINSI WATU WALIVYOIZALISHA

Habari hii ina zaidi ya miaka 300. Mwaka 1671 mwanasayansi Robert Boyle wa Uingereza alieleza jinsi vumbi la chuma likitiwa ndani ya asidi linavyotoa moshi unaoshika moto. Mwaka 1766 Henry Cavendish, wa Uingereza pia, aliichunguza gesi hiyo kwa makini, akaonyesha kwamba ni gesi ya namna yake na ni nyepesi sana kuliko hewa. Mfaransa Antoine Lavoisier ndiye aliyeipa jina, lenye maana ya "kizaa maji", kwa sababu ikiungua huleta maji.

Wepesi huo haukukaa bila kutumiwa. Mwaka 1783 huko Ufaransa ndugu wawili wa ukoo wa Montgolfier walirusha puto kwa hewa ya moto. Miezi michache baadaye Jacques Charles, akisaidiwa na ndugu wa ukoo wa Robert, alitengeneza puto la hariri lililopakwa mpira na kulijaza haidrojeni. Inasimuliwa kwamba walitumia kama nusu tani ya chuma chakavu na robo tani ya asidi salfuriki, ile ambayo siku hizi ikipunguzwa kwa maji huwekwa katika betri za magari. Kazi ya kujaza ilichukua siku kadhaa. Tarehe 27 Agosti 1783 puto hilo lilipaa kutoka Paris bila mtu ndani na kushuka katika kijiji cha Gonesse. Wanakijiji, wasiojua kitu hicho ni nini, walilishambulia kwa visu na nyuma za kulimia mpaka likachanika. Tarehe 1 Desemba mwaka huo huo Charles mwenyewe alipaa, akiwa na Nicolas-Louis Robert, wakasafiri kwa zaidi ya saa mbili.

Kutoka hapo kemia ya maputo ikaendelea kukua. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, kati ya 1861 na 1863, Thaddeus Lowe aliongoza kikosi cha maputo ya upelelezi. Alitengeneza matangi yaliyowekwa juu ya magari ya kukokotwa na farasi. Ndani yake chuma na asidi vilikutana, na gesi ikapitishwa katika mabomba hadi kwenye puto. Karne ya 20 ilileta njia nyingine. Ipo ya kalsiamu haidraidi, kemikali inayotoa haidrojeni ikiguswa tu na maji. Ipo pia ya mchanganyiko wa chuma na silikoni pamoja na kostiki soda, iliyotumiwa na majeshi mbali na viwanda.

Matumizi mengine yaliokoa maisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani walioanguka baharini walikuwa na redio ya dharura. Ili kuinua waya wa antena juu, walipewa tiara, na pia puto dogo lenye kopo la lithiamu haidraidi. Kopo likitiwa katika maji ya bahari lilitoa haidrojeni, puto likapaa na waya wake, na wito wa kuomba msaada ukasikika mbali.

Hata leo idara za hali ya hewa duniani hurusha maputo makubwa yenye vipimo, kwa kawaida mara mbili kwa siku. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni karibu na saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Baadhi ya vituo hutumia heliamu, na vingine haidrojeni. Hayo maputo hupanda zaidi ya kilomita 30 na kutuma taarifa za joto, unyevu na upepo. Utabiri wa mvua anaousikia mkulima redioni hujengwa kwa sehemu juu ya taarifa za namna hiyo.

Kwa hiyo hatusemi kwamba haidrojeni ni gesi ya shetani. Ni kiumbe cha Mungu kama vilivyo maji na moto. Tunachosema ni kwamba kila aliyeitumia vizuri aliitumia kwa chombo kilichotengenezwa kwa ajili yake, mikononi mwa watu waliofundishwa, mahali palipotengwa na watu wengine. Vituo vya hali ya hewa vinavyotumia haidrojeni huweka jengo la gesi peke yake, lenye tundu za hewa juu, na sigara au moto haviruhusiwi kabisa.

3. GHARAMA ILIYOLIPWA

Tarehe 15 Juni 1785 Jean-François Pilâtre de Rozier, mmoja wa watu wawili wa kwanza duniani kusafiri angani kwa puto huru, alijaribu kuvuka bahari kutoka Ufaransa kwenda Uingereza. Puto lake liliunganisha mambo mawili: haidrojeni juu na moto chini yake. Halikufika. Liliharibika angani karibu na pwani, naye akafa pamoja na mwenzake Pierre Romain.

Habari ya pili inatugusa zaidi kwa sababu ilitokea katika sherehe. Sophie Blanchard alikuwa mwanamke mashuhuri wa Ufaransa aliyefanya kazi ya kupaa kwa maputo mbele ya watu. Usiku wa tarehe 6 Julai 1819, katika bustani ya Tivoli jijini Paris, alipaa kwa puto la haidrojeni huku akirusha fataki ili kuwafurahisha watazamaji. Cheche zikaiwasha gesi. Watu waliokuwa chini walishangilia mwanzoni, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Puto lilishuka likagonga paa la nyumba, naye akaanguka barabarani na kufa.

Habari ya tatu inajulikana zaidi. Tarehe 6 Mei 1937 chombo kikubwa cha anga cha Ujerumani kilichoitwa Hindenburg, chenye kama mita za ujazo 200,000 za haidrojeni, kilishika moto kikitua Lakehurst, Marekani. Kiliteketea kwa muda wa kama nusu dakika tu. Kati ya watu 97 waliokuwamo walikufa 35, pamoja na mfanyakazi mmoja aliyekuwa chini. Chombo hicho kilikuwa kimebuniwa kutumia heliamu. Marekani, iliyokuwa na heliamu nyingi wakati ule, haikuiruhusu itoke nchini, nao wajenzi wakaendelea na haidrojeni.

Wala mambo hayo si ya zamani tu. Tarehe 4 Mei 2012, katika mkutano wa kampeni jijini Yerevan, Armenia, maputo yaliyojazwa gesi yalishika moto juu ya umati na zaidi ya watu 140 waliumia. Tarehe 30 Oktoba 2019, katika mtaa wa Rupnagar jijini Dhaka, Bangladesh, mtungi wa gesi wa muuza maputo ulilipuka. Waliokufa walikuwa watoto, wasiopungua watano. Walikuwa wamemzunguka muuzaji, kama watoto wa kwetu wanavyomzunguka muuza barafu.

Tunaomba kamati isimame kidogo hapo. Anayesimama karibu zaidi na puto siku zote ni mtoto.

4. BOMBA LA JARIBIO SI PUTO

Mwalimu wa kemia katika shule zetu za sekondari huwaonyesha wanafunzi haidrojeni kwa kutia vipande vya zinki katika asidi hafifu. Hukusanya gesi katika bomba la jaribio na kuisogeza kwenye njiti ya moto. Husikika mlio mdogo, "pop!", na darasa hucheka. Somo hilo ni jema, na tunapenda liendelee chini ya uangalizi wa mwalimu. Lakini kijana aliyeliona huweza kudhani kwamba puto ni bomba la jaribio lililokua.

Tufanye hesabu. Bomba dogo la jaribio lina ujazo wa kama mililita 15. Puto la kawaida lenye kipenyo cha sentimita 30 lina ujazo wa kama lita 14. Hiyo ni karibu mara elfu moja. Na puto hilo, baada ya kujazwa lita 14 za haidrojeni, huinua kama gramu 15 tu, na sehemu ya gramu hizo inaliwa na uzito wa mpira wenyewe. Tunahatarisha nyuso za watoto ili kuinua uzito wa vijiko vitatu vidogo vya sukari.

Sasa tuchukue chumba cha stoo cha usharika, urefu mita 3, upana mita 3, na kimo mita 2.5. Ujazo wake ni mita 22.5. Asilimia 4 ya ujazo huo ni lita 900. Hizo ni gesi za maputo kama 64. Ikiwa kamati imejaza maputo usiku na kuyafungia stoo yasubiri ibada ya asubuhi, gesi hupenya taratibu katika mpira na kupanda. Kwa kuwa hujikusanya kwanza chini ya dari, hata maputo machache kuliko hayo yanaweza kuifanya hewa ya pale juu kuwa tayari kuwaka. Swichi ya taa mara nyingi hutoa cheche. Mwinjilisti anayeingia alfajiri na kuwasha taa hana kosa lolote, lakini ndiye atakayeumia.

5. KWA NINI KEMIKALI ZA DUKANI NI HATARI ZAIDI

Mtu anaweza kuuliza: kama Charles aliweza mwaka 1783, mbona sisi tusiweze? Tunajibu kwa mambo manne.

Kwanza, kemikali zenyewe. Asidi huunguza, na kostiki huunguza zaidi bila kuumiza haraka, hivyo mtu huchelewa kujiosha. Ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

Pili, joto. Kostiki ikikutana na alumini katika maji hutoa haidrojeni na joto kwa pamoja. Joto huongeza kasi, na kasi huongeza joto. Mchanganyiko uliokuwa kimya kwa dakika chache huchemka ghafla na kuruka nje ya chombo.

Tatu, mgandamizo. Anayetengeneza gesi ya maputo mtaani mara nyingi hutumia mtungi wa zamani uliofungwa. Gesi huendelea kuzalishwa ndani hata puto likiwa halipo mdomoni. Hakuna geji ya kupimia wala vali ya usalama, na chuma chenyewe huendelea kuliwa na kemikali mwaka baada ya mwaka. Siku moja hupasuka.

Nne, hewa. Chombo kinapoanza kazi huwa bado na hewa ndani. Mchanganyiko wa kwanza kutoka ni wa haidrojeni na hewa, nao ndio unaolipuka. Haidrojeni safi huungua tu, bali iliyochanganyika hulipuka.

Kwa sababu hizo hatuandiki hapa vipimo wala hatua za kuitengeneza, na tunawasihi wanakamati wasiruhusu mtu kuzijaribu katika uwanja wa kanisa, shule au kituo cha watoto. Vivyo hivyo muuza maputo anayekuja na mtungi usio na alama wala hati asikaribishwe langoni.

6. INAPOTOKEA BILA KUALIKWA: SABUNI NA BETRI

Huenda usharika wako haujawahi kufikiria maputo. Hata hivyo gesi ile ile inaweza kuwa imo katika miradi yenu.

(a) Vikundi vya kutengeneza sabuni. Vikundi vingi vya akina mama hutumia kostiki soda. Masufuria yetu mengi ni ya alumini. Kostiki ikikorogwa katika sufuria ya alumini, povu linaloonekana ni haidrojeni, na sufuria yenyewe inaliwa mpaka kutoboka. Kwa hiyo:

- Tumia ndoo ya plastiki nzito au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Kamwe usitumie alumini, hata kijiko au mwiko.
- Tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya kostiki.
- Fanya kazi nje au mahali penye hewa, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara.
- Vaa glovu na miwani. Watoto wasiwepo, hata wale wa mgongoni.
- Ikimwagikia mtu, avue nguo iliyolowa na kuoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, kisha apelekwe zahanati.

(b) Betri za sola. Zahanati, nyumba za wachungaji na shule nyingi za vijijini zina umeme wa jua. Pale zinapotumika betri za asidi za kuongezewa maji, betri inapokaribia kujaa maji yake huanza kuvunjika na kutoa haidrojeni na oksijeni. Hilo ni jambo la kawaida, si ubovu. Ubaya huanza pale tunapozifungia betri katika kabati la mbao lisilo na tundu kwa kuogopa wezi. Hapo tumejenga puto la mbao ndani ya zahanati. Betri mpya za lithiamu hazitoi gesi hiyo katika kuchajiwa kwa kawaida, lakini zina masharti yake na zisichanganywe na za zamani. Kwa betri za asidi:

- Badala ya kabati lililozibwa, tumieni kizimba cha wavu wa chuma chenye kufuli. Mwizi atazuiwa na gesi itatoka.
- Tundu za hewa ziwe mbili: moja chini na nyingine karibu na dari, kwa kuwa haidrojeni hupanda. Dirisha la chini peke yake halitoshi.
- Mshumaa, kibatari au simu yenye tochi? Tumieni tochi, kamwe si mwali, mnapokagua maji ya betri.
- Chaji kontrola ikaguliwe na fundi. Ikiharibika na kuchaji kupita kiasi, gesi huongezeka.

7. KAMA USHARIKA UNATAKA MAPUTO

Hatupendi kuwanyima watoto furaha yao. Ziko njia salama.

Ya kwanza ni maputo ya pumzi au ya pampu ya mkono. Hayapai, lakini yakifungwa katika kamba na kutundikwa juu ya mlango hupendeza vilevile. Ya pili ni mapambo ya asili yetu: matawi ya mitende, maua, vitambaa na bendera zilizoshonwa na vijana, ambazo hutumika tena mwaka ujao.

Ya tatu ni heliamu kutoka kwa muuzaji anayejulikana, katika mtungi wenye alama. Hata hiyo ina masharti: mtungi ufungwe usianguke, na mtu asiivute kinywani ili kubadilisha sauti, kwani hufukuza oksijeni mapafuni na inaweza kuua. Itawafurahisha wasomaji kujua kwamba mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwepo kwa heliamu nyingi katika bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania, na uchimbaji wa utafiti uliofuata umeithibitisha. Gesi hiyo inahitajika zaidi hospitalini, katika mashine kubwa za kupiga picha za ndani ya mwili. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoitumia ovyo.

Kwa njia yoyote, maputo yasiachiwe yaruke. Yakishuka huwa takataka, na mifugo huyala.

8. NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu zetu mnaotuchangia, mara nyingi bajeti inapopunguzwa, vitu vya kwanza kukatwa ni glovu, miwani, tundu za hewa na ziara ya fundi. Havionekani katika picha ya ufunguzi wa mradi. Tunawaomba mvitazame kama sehemu ya mradi wenyewe. Kikundi cha sabuni kisicho na miwani hakijakamilika, na mfumo wa sola usio na mahali salama pa betri haujakamilika, hata kama taa zinawaka.

Msingi wa jambo hili uko katika Maandiko. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke kizuizi kuzunguka paa lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tuone kwamba agizo hilo halisubiri mtu aanguke. Linamtaka mwenye nyumba afikirie mapema juu ya mgeni, mtoto na jirani ambao hawajafika bado. Kamati ya usharika ni mwenye nyumba wa namna hiyo.

MASWALI YA MJADALA

1. Katika sherehe zetu zilizopita, nani aliamua kuhusu mapambo, na je, aliuliza juu ya usalama?
2. Kikundi chetu cha sabuni kinatumia vyombo gani? Tukavione wiki hii.
3. Betri za sola za usharika, zahanati au shule yetu ziko wapi? Je, kuna tundu la hewa karibu na dari?
4. Muuza maputo akija siku ya sikukuu, ni nani mwenye mamlaka ya kumwuliza mtungi wake una nini?
5. Ni kizuizi gani kingine cha paa ambacho usharika wetu bado haujajenga?

Tunapendekeza majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, yakiwa na jina la mhusika na tarehe ya kukamilisha, na nakala itumwe kwa mkuu wa jimbo. Ofisi ya miradi iko tayari kufika kwenye usharika wowote unaohitaji kukaguliwa chumba cha betri au sehemu ya kutengenezea sabuni.

Mungu azibariki sherehe zenu, na kila mtoto aliyekuja kanisani akicheka arudi nyumbani akicheka.